Kinyonga mdogo wa majani makavu amekwenda wapi? Jibu kwa mkulima wa iliki wa Amani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima, shamba letu lipo tarafa ya Amani wilayani Muheza, chini kidogo ya msitu. Babu alilima iliki chini ya miti mikubwa, baba akaendelea. Mimi miaka sita iliyopita nilikata miti mingi kwa sababu iliki ilikuwa haizai tena, nikapanda mahindi, mihogo na mdalasini kidogo. Nikiwa mtoto tulikuwa tunawaona vinyonga wadogo wenye mkia mfupi, kama jani kavu, na usiku kijitoni kulikuwa na vyura wa kila sauti. Siku hizi vinyonga hao siwaoni kabisa. Lakini wale vyura wa kawaida bado wanapiga kelele, mijusi wamejaa, na nyoka naona wameongezeka. Mke wangu anasema wanyama hawajapungua, wamebadilika tu. Ni kweli? Na kama kosa ni la shamba langu, linarekebishika?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mkeo kaona vizuri, ila ndani ya neno hilo "wamebadilika tu" ndiko hasara ilikojificha. Ukihesabu vichwa peke yake, shamba lililofyekwa linaweza kukupa vyura na mijusi wengi kuliko msitu uliolizunguka. Ukiuliza ni akina nani, hesabu inageuka. Waliohamia kwako ni wale wanaoishi popote: yule chura mkubwa wa madimbwi mwenye ngozi ya vipele, anayepatikana kuanzia uani kwa watu Tanga mjini hadi Afrika Kusini, yule mjusi laini mwenye michirizi anayeota jua ukutani, na mjusi kafiri, ambaye kwake ukuta wa nyumba ni bora kuliko mti. Waliotoka kwako ni wale ambao baadhi yao hawapo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye milima hiyo unayolima.

Huyo kinyonga wako anaweza kuwa mmoja kati ya wawili. Kama alikuwa na kindevu kidogo chini ya taya, ni Rieppeleon brevicaudatus, ambaye yumo pia katika misitu mingine ya mashariki mwa Tanzania na kusini mwa pwani ya Kenya. Kama hakuwa na kindevu, huenda ni Rhampholeon temporalis, na huyo ni wa Usambara Mashariki tu. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamtaja kuwa yumo katika hatari ya kutoweka. Kwa hiyo akiondoka kwenye safu hiyo moja ya milima, hakuna kwingine pa kwenda kumtafuta.

Nitaeleza kwa nini milima yenu iko hivyo, maana bila hilo maelezo mengine hayataeleweka. Kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa, kuna milima ya zamani sana inayopokea mvua na ukungu wa Bahari ya Hindi. Wataalamu wanaiita Milima ya Tao la Mashariki. Misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka hata nyakati ambapo nyanda zilizo kati yake zilikauka, na kila mlima ukawa kama kisiwa. Chura wa kisiwa hiki hakukutana na chura wa kisiwa kile, na kila mmoja akawa wa aina yake. Ndiyo maana Ukaguru kuna mmoja ambaye wanasayansi walimpa jina la Kiswahili kabisa mwaka 2002, Churamiti maridadi, na kwenu kuna kinyonga mwenye pembe tatu, Trioceros deremensis, ambaye jina lake limetoka Derema, hapo hapo jirani na wewe. Kuna hata kijichura cha Usambara, Parhoplophryne usambarica, kinachojulikana kwa kielelezo kimoja tu kilichoelezwa mwaka 1928. Sasa, sehemu kubwa ya msitu wa asili wa Tao hili, yapata asilimia 70, imeshageuzwa kuwa kitu kingine: chai, mashamba, miti ya mbao, vijiji. Kinachobaki ni vipande.

Tuje shambani kwako.

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Anayapokea kwa ngozi, na kwa ngozi hiyo hiyo anavuta sehemu ya hewa yake. Ngozi inayopitisha maji kuingia huyapitisha pia kutoka, kwa hiyo mchana wa jua kali kwenye ardhi tupu humkausha chura wa msituni kwa muda mfupi. Yai lake halina ganda, ni utelezi mtupu. Wengi hapa wanafikiri kila chura hutaga kwenye maji, kisha viluwiluwi, kisha chura, kama tulivyofundishwa shuleni. Kwenu Amani mambo si hivyo. Callulina kreffti, yule mnene mwenye vidole vilivyokatika kama kwa kisu, hutaga mahali penye unyevu, na yai huangua chura kamili mdogo, bila hatua ya kiluwiluwi. Vyura wa jenasi Arthroleptis, wale wenye sauti nyembamba kama ya mdudu, hufanya vivyo hivyo katikati ya majani yaliyooza. Nectophrynoides tornieri hatagi kabisa, anazaa watoto hai. Mwingine, Hoplophryne rogersi, hulelea viluwiluwi wake katika maji machache yaliyotuama ndani ya mianzi au kwenye makwapa ya majani ya migomba.

Unaona basi? Hawa hawategemei kijito. Kwao tandiko la majani makavu yenye unyevu ndilo bwawa. Ulipokata miti, tandiko hilo halikupata majani mapya, jua likalikausha lililokuwapo, mvua ikalisomba, na jembe likageuza kilichobaki. Yule chura wa madimbwi hakudhurika. Yeye hutaga maelfu ya mayai majini, hata kwenye shimo la tofali, na ngozi yake ni nene. Ndiyo maana kelele bado zipo. Kelele hizo ni za mtu mmoja aliyebaki katika kwaya ya watu kumi na wawili.

Kinyonga mdogo naye kapotezwa na jambo ambalo wakulima wengi hawalifikirii: mahali pa kulala. Mchana anatembea chini kwenye majani. Magharibi anapanda kijiti, jani la jimbi au mche mdogo, mara nyingi chini ya urefu wa kiuno cha mtu, analala hapo ili siafu na nyoka wakipanda wamtikise kwanza, aamke. Nimetembea usiku mwingi na tochi katika njia za Usambara Mashariki, na humo ndimo tunamowatafuta, kwa sababu wakilala wanageuka weupe na taa huwapata upesi. Shamba likipaliliwa likawa safi kama uwanja, hata kama miti mikubwa bado imesimama juu, hana pa kupanda. Kwa maana hiyo huenda kupotea kwake kulianza kabla yako, enzi za baba yako, wakati mwavuli wa miti ulikuwa bado upo lakini vichaka vya chini vilikuwa vinaondolewa kila msimu ili iliki ipumue.

Na hapa nataka niseme wazi kuhusu iliki, kwa sababu mara nyingi inasifiwa kuwa zao linaloishi kwa amani na msitu. Katika miaka yake ya kwanza sifa hiyo ina ukweli. Miti mikubwa inabaki, kivuli kipo, na ukienda usiku utakuta baadhi ya vyura wa msituni, hasa shamba likiwa limepakana na msitu wenyewe. Lakini iliki haikai hivyo. Mkulima anapunguza miti kidogo ili mwanga uingie, anafyeka miche inayoota, kwa hiyo miti mizee ikifa hakuna ya kushika nafasi. Baada ya miaka kadhaa udongo unachoka, mavuno yanashuka, na njia rahisi ni ile uliyoifuata wewe: kukata iliyobaki na kupanda mahindi na mihogo. Sikulaumu, watoto wanakula mahindi. Ila mtu akiniuliza kama iliki inaharibu makazi ya vyura, jibu langu ni kwamba iliki ni ngazi ya kwanza ya kushuka, na hasara kubwa hutokea pale kivuli kinapokwisha. Ukweli huo una manufaa kwako, kwa sababu unaonyesha ni wapi pa kushika.

Kuna mfano mmoja ambao kila Mtanzania anapaswa kuujua, unaoonyesha jinsi kitu kidogo kinavyotosha kummaliza chura. Katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 watafiti walikuta chura mdogo wa manjano, Nectophrynoides asperginis, anayezaa watoto hai, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji, eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ya mto yaliachishwa njia yake kwenda kwenye mitambo. Hakuna aliyekata msitu pale. Mimea ilikuwapo, mawe yalikuwapo, kilichoondoka ni manyunyu. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Wale wa porini waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, wakati ambapo kuvu inayoua vyura duniani kote iligunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 wale waliolelewa bustanini walianza kurudishwa, na kazi hiyo inaendelea kwa jasho na fedha nyingi. Mkasa wote ulianzia kwenye unyevu. Kwenye shamba lako manyunyu hayo ni kivuli na majani makavu, na kuyarudisha hakuhitaji bomba.

Umeniuliza kuhusu mijusi na nyoka. Reptilia, yaani mijusi, vinyonga na nyoka, kwa jumla ni wagumu kuliko amfibia, yaani vyura na jamaa zao: ngozi yao ina magamba, yai lina ganda, na wengi wanataka jua. Ndiyo sababu kwenye makadirio ya dunia amfibia wako pabaya zaidi. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 iliwaweka takriban asilimia 41 ya spishi (aina) za amfibia katika hatari ya kutoweka, ilhali ile ya reptilia ya mwaka 2022 ilipata asilimia 21. Katika makundi yote mawili, kilimo na ukataji wa misitu vimo mstari wa mbele kati ya visababishi. Lakini usidhani kila mjusi anafurahia uwazi. Mijusi wa msitu mnene hawaoti jua. Joto la miili yao linafuata la kivulini, na wakitolewa juani wanazidiwa mapema, wanajificha, hawali, hawazai vizuri. Wengine wamefungwa na mmea mmoja. Kule msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, kuna mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, anayeishi juu ya mikadi. Watu walikata mikadi ili kuwakamata wauzwe nje, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo wa porini imepigwa marufuku.

Kuhusu nyoka, nadhani kuna mambo mawili: sasa unawaona kwa urahisi, na panya wamezidi. Shamba la wazi halimfichi nyoka, na mahindi yanaleta panya, panya wanamleta kifutu na wenzake. Wakati huo huo nyoka wa msituni wanapungua kimyakimya, kwa mfano Atheris ceratophora, yule kifutu mdogo wa mitini mwenye pembe juu ya macho, wa Milima ya Tao la Mashariki tu. Nyoka wa kijani wanaokula vyura nao hupungua vyura wa msituni wanapokwisha. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba umepoteza nyoka wasiokusumbua ukapata wanaokusumbua. Hili wanakijiji wanalielewa haraka kuliko habari za spishi adimu, na mimi hulitaja kila mkutano.

Kijito nacho kina wake. Arthroleptides martiensseni, chura wa mawe ya maporomoko, ana viluwiluwi wanaong'ang'ania kwenye uso wa mwamba palipo na utando mwembamba wa maji, wakila ukungu wa kijani wa mawe. Mteremko ukilimwa hadi ukingoni, kila mvua kubwa inashusha tope, tope linafunika mwamba, na chakula kinakwisha. Kama maji ya kijito chenu yanakuwa mekundu saa chache baada ya mvua na zamani yalikuwa meupe, usitafute mchawi.

Sasa linarekebishika? Kwa sehemu kubwa ndiyo, kwa sababu msitu uko juu yako, na wa kurudi wana mahali pa kutokea. Shamba lililozungukwa na mashamba kilomita nyingi haliponi hivyo, kwani chura wa tandiko la majani hatembei mbali juani. Fikiria kwanza ukanda unaogusa msitu, halafu ukanda wa kijito, kisha uviunganishe. Kwenye kanda hizo acha miche ya miti ya asili iote, palilia kuzunguka shina la iliki au mdalasini tu na uache vichaka vilivyobaki vifike magotini au zaidi, na usichome mabaki. Gogo linalooza liache palipo. Migomba pia isaidie: maganda na majani yake yaliyokauka yakiachwa chini yanashika unyevu, na yale makwapa niliyoyataja yanajaa maji. Mdalasini na pilipili manga inayopanda kwenye miti hai vinakupa fedha bila kuondoa kivuli chote. Mahindi yapeleke pale palipo na uwazi tayari, karibu na nyumba, mbali na kijito. Najua eneo ni dogo, na najua iliki ikikosa mwanga hutoa kidogo. Siwezi kukudanganya kwamba hutapunguza chochote.

Kando ya kijito Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya ukingo. Kwenye miteremko yenu mita 60 ni shamba zima la mtu, na ndiyo maana wengi hawaitimizi. Ushauri wangu ni uanze kurudisha miti ukingoni mwaka huu huu, na usiguse tena ardhi hapo kwa jembe. Bomba la dawa usilioshe kijitoni hata mara moja. Baadhi ya dawa za magugu huchanganywa na vitu vya kuifanya dawa inate kwenye majani, na vitu hivyo huua viluwiluwi kwa kiasi kidogo sana.

Ukishawishiwa kupanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo, fikiri mara mbili. Kule Sagalla, karibu na Voi nchini Kenya, kuna amfibia asiye na miguu anayefanana na nyungunyungu, Boulengerula niedeni, ambaye yuko kwenye kilima kimoja tu. Mikaratusi ilikausha na kugandamiza udongo wake, na juhudi za kumwokoa zimehusisha kuing'oa na kupanda miti ya asili. Jirani yake wa vilima vya Taita, Boulengerula taitana, ananipa moyo. Yeye anaishi hata mashambani, kwenye udongo laini wenye mboji na samadi, chini ya migomba, karibu na vijito. Mama wa spishi hiyo hunenepesha ngozi yake ya nje na watoto huila kidogo kidogo hadi wakue, jambo lililochapishwa mwaka 2006 na kuwashangaza wengi. Mnyama wa namna hiyo kuweza kuishi kwenye shamba la familia linalolimwa kila mwaka ni ushahidi kwamba kilimo na amfibia vinaweza kukaa pamoja, udongo ukitunzwa. Kwenu pia wapo wa ukoo huo, Boulengerula boulengeri, na jembe likimtoa mmoja usimkate ukidhani ni nyoka. Mrudishe ulipomtoa na umfunike.

Si wote watakaorudi. Wale wa msitu wa ndani kabisa shamba haliwapi wanachotaka, hata likiwa na kivuli kizuri, na kwao hakuna badala ya msitu uliohifadhiwa kama ule wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Lakini shamba lenye kivuli linaupa msitu huo ukingo mpole. Lililo tupu linapeleka jua na upepo mkavu ndani ya msitu wenyewe, hatua nyingi kupita mpaka. Kwa hiyo hata chura ambaye hatakanyaga kwako ananufaika na miti yako.

Mwisho, msifanye haya kwa kukisia. Chukua kamba ya mita 50, ifunge kutoka ukingo wa msitu kuingia shambani, na nyingine kando ya kijito. Mara moja kwa mwezi, usiku baada ya mvua, wewe na mkeo piteni taratibu na tochi, mmoja amulike vijiti kuanzia kifundoni hadi kifuani, mwingine aandike daftarini: aina ya mnyama, yuko juu ya nini, na kimo alicholala kutoka chini. Andikeni pia sauti mnazozisikia hata kama hamjui mwenyewe. Vaeni viatu vya mpira, na msiwashike vyura, maana kuvu ile niliyoitaja husambazwa hata na mikono na matope ya viatu. Baada ya misimu miwili hivi ya vuli na masika mtakuwa na kumbukumbu ambazo hakuna mtafiti aliye nazo kwa shamba hilo. Na siku mkimkuta yule mdogo amelala juu ya kijiti, mweupe kwenye mwanga wa tochi, mpigeni picha akiwa hapo hapo alipo, muone kama ana kindevu, mniletee.